Minara ya Simu Ikinyamaza: Tuchague Redio ya Raia au Redio ya Ridhaa?

Maelezo yafuatayo yalitolewa katika mkutano wa wakazi wa kata ulioitishwa kujadili maandalizi ya mawasiliano kabla ya mvua za msimu. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimetakiwa nizungumzie jambo ambalo limekwisha kuzua mabishano vijiweni na katika vikao vyetu. Kata inataka kuwa na redio za mawasiliano zitakazofanya kazi pale simu zitakapokatika. Wapo wanaosema tununue redio za raia, ambazo duniani hufahamika kwa herufi mbili, CB. Wapo wanaosema tuelekee kwenye redio ya ridhaa, ambayo waendeshaji wake huitwa ham. Kila upande una hoja, na kila upande umepata kusikia habari za kweli. Fedha iliyopo, hata hivyo, haitoshi kujaribu yote mawili kwa pupa, na mvua hazitusubiri. Kwa hiyo ninaomba tulipime jambo hili kwa utulivu.

Kwa nini simu haitoshi

Hapana haja ya kuwaeleza wakazi wa pwani hii ya kusini maana ya kukatikiwa na njia. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu na kupita Mafia, mvua zilizoandamana nacho zilikata barabara kuu ya kusini katika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei mwaka huo huo, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini na katika nchi jirani. Matukio hayo mawili hayakuwa na chanzo kimoja, lakini yalitufunza somo moja: mawasiliano yetu ya kila siku yameshonwa kwa nyuzi ambazo sisi wenyewe hatuzioni wala hatuzishiki.

Mnara wa simu unahitaji umeme. Umeme ukikatika, mnara huendeshwa na betri au jenereta, na jenereta huhitaji mafuta, na mafuta huja kwa barabara. Mnara pia unahitaji kuunganishwa na minara mingine, kwa waya wa nuru uliofukiwa ardhini au kwa mawimbi yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, simu zote za eneo hunyamaza hata kama simu yako mkononi imejaa chaji. Tena, hata mnara ukiwa mzima, watu wote wakipiga simu kwa wakati mmoja, wengi hawatapata njia.

Redio ya mawasiliano haina mnyororo huo. Chombo kimoja husema na chombo kingine moja kwa moja angani. Ukiwa na betri, antena na mtu anayesikiliza upande wa pili, umepata mawasiliano. Katika hilo, CB na redio ya ridhaa ni ndugu. Tofauti yao imo katika umbali, katika sheria, na katika watu wanaohitajika.

Redio ya raia

CB ilianza Marekani. Mwaka 1958 serikali ya nchi hiyo iliwatengea raia wa kawaida masafa ya karibu megahezi 27, ili mwenye duka, mkulima au dereva aweze kusema na wenzake bila kusomea fani ya redio. Mwanzoni zilikuwa chaneli 23, na kuanzia mwaka 1977 zikawa 40. Sababu ya kuongezwa ni kwamba watu walikuwa wengi kupita kiasi. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, madereva wa malori waliitumia kuambiana ni kituo gani kina dizeli, na umma mzima ukawafuata. Chaneli ya 9 ilitengwa kwa ajili ya dharura, na vikundi vya watu wa kujitolea vilikaa vikiisikiliza usiku na mchana.

Sifa ya kwanza ya CB ni wepesi wake. Mtu hufundishwa kwa saa moja: bonyeza, sema, achia, sikiliza. Haina mtihani, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuishika. Chombo chake ni cha bei nafuu kikilinganishwa na redio kubwa za ridhaa, na hutumia betri ya gari bila shida.

Udhaifu wake wa kwanza ni umbali. Nguvu yake ya kawaida ni wati 4. Redio mbili za mkononi katikati ya mikoko na mikorosho zitasikilizana kwa kilomita chache tu. Zikifungwa kwenye magari, huenda zikafika kilomita kumi au zaidi kidogo. Kituo chenye antena iliyoinuliwa juu ya nguzo kitafika mbali zaidi, lakini kilima kikikaa katikati, habari imekwisha. Antena nayo si fupi: wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, na antena ya robo ya wimbi inakaribia mita 2.7. Zile fupi zinazouzwa na redio za mkononi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu.

Udhaifu wa pili huwashangaza wengi. Jua lina mzunguko wa karibu miaka 11, na katika miaka ambayo madoa yake ni mengi, mawimbi ya megahezi 27 hugonga tabaka la juu la anga liitwalo ionosifia na kurudi ardhini maelfu ya kilomita mbali. Ndipo unapowasha redio yako ili umwite mwenzako wa kijiji cha pili, ukasikia sauti za watu wa mabara mengine zikimfunika. Hutaweza kuwazuia, nao hawakujui.

Redio ya ridhaa

Redio ya ridhaa ni huduma ya kimataifa inayotambuliwa na Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU. Neno ridhaa hapa lina maana ile ile tuitumiayo tunaposema soka la ridhaa: mtu hufanya kwa mapenzi yake, bila malipo. Chama cha kimataifa cha waendeshaji hawa kiliundwa Paris mwaka 1925, kwa hiyo tunazungumza juu ya utaratibu wa takriban miaka 100. Kila mwendeshaji hupewa alama yake ya wito inayoonyesha nchi atokako. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X.

Waendeshaji hawa hawakupewa kipande kimoja cha masafa kama CB. Wametengewa vipande vingi, na kila kimoja kina tabia yake. Kwa mazungumzo ya karibu hutumia megahezi 144 hadi 146, ambamo redio ndogo ya mkononi hufika kadiri macho yawezavyo kuona, na hufika mbali zaidi pakiwa na mtambo wa kurudishia mawimbi juu ya kilima. Kwa mazungumzo ya mbali hutumia masafa mafupi, kwa mfano megahezi 7 na 14.

Hapo kwenye megahezi 7 ndipo penye faida kubwa kwa mahali kama petu, na ninaomba mnisikilize kwa makini. Antena yake ni waya wenye jumla ya mita 20 hivi, mita 10 kila upande, na kebo ya kuupeleka umeme wa redio katikati. Waya huo ukiufunga chini kidogo, mita tatu hadi tano kutoka ardhini, mawimbi mengi hupanda juu karibu wima, hugonga ionosifia, kisha hurudi chini kama mvua na kuenea pande zote kwa kilomita mia tatu au nne. Kilima hakiyazuii, kwa sababu yamekiruka kutoka juu. Kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 100, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 200. Miji yote miwili imo ndani ya duara hilo wakati wa mchana. Usiku ionosifia hubadilika, na mwendeshaji mzoefu hushuka kwenye masafa ya chini zaidi, karibu megahezi 3.7.

Minazi miwili, kamba za nailoni wanazotumia wavuvi, na vipande vya plastiki vya kuutenga waya na kamba: hivyo vyatosha kuitundika antena hiyo. Kinachogharimu ni redio yenyewe, ambayo bei yake ni mara nyingi ya ile ya CB.

Nani atadhani kuwa haya ni mageni kwetu? Wazee waliopo hapa wanaikumbuka redio koli ya hospitali za misheni, ya hifadhi za wanyama na ya mashamba makubwa. Huduma ya Madaktari Wanaoruka ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilijenga katika miaka ya 1960 mtandao wa redio za masafa mafupi ulioviunganisha vituo vya mbali vya Afrika Mashariki na Nairobi. Muuguzi alieleza hali ya mgonjwa, daktari akajibu, na ndege ikatumwa ilipobidi. Hizo hazikuwa redio za ridhaa, zilikuwa na leseni za aina nyingine, lakini mawimbi ni yale yale na anga ni ile ile.

Yaliyokwisha kutokea kwingine

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipoivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hadi kwenye pwani yetu ya Tanzania, visiwa vya Andaman vya India vilikuwa miongoni mwa vilivyopigwa vibaya. Kwa bahati, Bi. Bharathi Prasad na wenzake walikuwa Port Blair na kituo chao cha redio ya ridhaa, kwa kibali cha serikali ya India. Walikuja kwa ajili ya kuzungumza na waendeshaji wa nchi nyingine, kama ilivyo desturi ya waendeshaji hao. Ardhi ilipotetemeka na simu zikakatika, waligeuza kituo chao kuwa njia ya habari kati ya visiwa na bara, wakipeleka taarifa za walio hai kwa ndugu zao.

Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipokipiga kisiwa cha Puerto Rico tarehe 20 Septemba, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu za mkononi ilizimika. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba waendeshaji 50 wa redio ya ridhaa wajitolee kwenda huko. Halikuomba redio 50. Liliomba watu 50, wenye leseni na uzoefu, wakiwa na vyombo vyao.

Ninaomba tulitafakari hilo. Huko Port Blair na huko Puerto Rico, kilichookoa hali kilikuwa mtu ambaye amekwisha kuzoea chombo chake kabla ya siku ya msiba, na ambaye huku nje walikuwepo wenzake wanaomsikiliza. Redio iliyofungiwa kabatini haimwiti mtu.

Sheria inasemaje

Jambo hili lisipuuzwe. Nchini mwetu matumizi ya masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kurusha mawimbi bila kibali ni kosa, na vyombo vyenyewe hupaswa kuwa vya aina iliyoidhinishwa. Mtu asije akawaambia kwamba CB ni huru kwa kuwa Marekani haihitaji leseni. Ni kweli kwamba Marekani iliondoa leseni ya CB mwaka 1983, lakini hiyo ni sheria ya Marekani, nayo inaishia mpakani mwao. Kwa hiyo kabla shilingi moja haijatoka, barua ya kata iende TCRA kupitia Halmashauri, ikieleza tunataka kuzungumza wapi na wapi, kwa madhumuni gani na kwa vyombo vya aina gani.

Leseni ya redio ya ridhaa hupewa mtu, baada ya kuonyesha kuwa anaifahamu kazi. Ina masharti yake. Hairuhusiwi kufanyia biashara: bei ya korosho na idadi ya magunia hazipiti humo. Hairuhusiwi kuficha maneno kwa lugha ya siri. Kwa kawaida mwendeshaji husema kwa niaba yake mwenyewe, lakini kanuni za ITU, kama zilivyorekebishwa Geneva mwaka 2003, zinaruhusu kupeleka ujumbe wa watu wengine kati ya nchi na nchi wakati wa dharura na maafa, na zinazihimiza serikali ziwawezeshe waendeshaji hao kujiandaa.

Wengine watauliza: je, wakati wa hatari mtu hawezi kutumia redio yoyote kuomba msaada? Kanuni za kimataifa hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo kuomba kuokolewa. Hiyo ni rehema ya sheria kwa anayezama. Haitufai sisi tunaokaa leo kivulini tukipanga ya kesho.

Niongeze neno kwa ndugu zetu wavuvi. Chombo chenu cha usalama baharini ni redio ya VHF ya majini, ambayo chaneli yake ya dharura ni ya 16. Meli huisikiliza hiyo. Meli haisikilizi CB wala redio ya ridhaa, kwa hiyo mpango wowote wa kata usiwe sababu ya kuiacha ile.

Tuchague lipi?

Sasa nije kwenye uamuzi. Ninawashauri tuanze kwa swali moja: siku simu zitakaponyamaza, ni nani ambaye hatutaweza kumfikia kwa njia nyingine yoyote?

Ndani ya kata tuna njia. Tuna miguu, baiskeli na bodaboda. Tuna vipaza sauti vya misikiti na kengele za makanisa. Tuna mabalozi wanaojua kila nyumba. Mama akishikwa na uchungu kitongojini, kijana atatumwa zahanati, na hata kama atachelewa, atafika. CB ingeifanya safari hiyo kuwa ya dakika moja badala ya saa moja, na hiyo ni faida ya kweli ambayo siidharau.

Lakini zahanati ikiona kwamba mama huyo anahitaji kupasuliwa, na barabara imekatika, na mto umefurika, nani ataiambia wilaya ilete boti? Dawa zikiisha, nani atasema zimebaki ngapi? Ikiwa nyumba mia zimezama, nani atauambia mkoa kwamba ni mia na si kumi? Hapo miguu haifiki, kengele haifiki, na CB haifiki. Kata yenye CB nyingi na isiyo na njia ya kutokea nje itakuwa kama watu waliofungiwa chumba kimoja, wanasikizana vizuri sana wao kwa wao.

Kwa sababu hiyo, ikiwa fedha yatosha kwa jambo moja tu, ninashauri iende kwenye redio ya ridhaa ya masafa mafupi. Ninaweka, hata hivyo, masharti matatu, na pasipo hayo ninaufuta ushauri wangu.

Sharti la kwanza ni watu. Wapatikane wakazi wasiopungua watatu walio tayari kusoma na kuomba leseni, na wasiwe wote wa nyumba moja wala wa ofisi moja. Mmoja akihamishwa na mwingine akiugua, abaki wa tatu. Mwalimu wa fizikia, mhudumu wa afya, fundi wa redio, binti aliyemaliza kidato cha sita akiwa anasubiri chuo: hao wanafaa. Wakumbuke kwamba ni kazi ya kujitolea, na kwamba leseni ni yao, si ya kata.

Sharti la pili ni upande wa pili wa mazungumzo. Kabla ya kununua, tujue kwa jina na kwa saa ni nani atakayetusikiliza wilayani, Lindi au Dar es Salaam. Halmashauri iombwe kuwatafuta waendeshaji wenye leseni walioko mijini na kukubaliana nao saa na masafa. Redio isiyo na wa kuitika ni kipaza sauti kilichoelekezwa baharini.

Sharti la tatu ni mazoezi. Kila wiki, siku moja na saa moja isiyobadilika, watu wetu wawashe, waite, wapokee, waandike daftarini, wazime. Dakika 15 zatosha. Mazoezi hayo ndiyo yatakayotuambia kwamba betri imechoka, au panya wametafuna kebo, mapema, kabla ya siku ya mvua.

Ikiwa watu watatu hawapatikani, basi nasema wazi: tusinunue redio ya masafa mafupi. Ni heri tuombe kibali cha redio nyepesi za kusaidia vitongoji, ambazo kila mtu ataweza kuzishika, kuliko kuwa na chombo cha thamani ambacho hakuna ajuaye kukiwasha. Na mwaka tutakaopata fedha zaidi, vyote viwili vifuatane: redio nyepesi zikusanye habari za vitongoji hadi ofisi ya kata, na redio ya ridhaa izitoe nje.

Mambo ya utendaji

Niseme kidogo juu ya betri, maana huko ndiko mipango mingi huharibikia. Redio ya wati 100 hula takriban ampea 1 inaposikiliza, na hadi ampea 20 inaporusha. Chukueni betri ya ampea-saa 50. Betri ya kawaida ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu yake, kwa hiyo tuna ampea-saa 25. Mkiiacha redio ikisikiliza mchana kutwa na usiku kucha, itakuwa imezimaliza kwa siku moja tu, hata kabla hamjasema neno. Lakini mkikubaliana na wenzenu kuwasha kwa dakika 15 kila baada ya saa 3, itakuwa wazi kwa saa 2 kwa siku. Tuseme robo ya muda huo mnarusha. Maneno ya mtu yana vituo na pumzi, hivyo wastani wa kurusha ni kama ampea 10. Jumla yake ni ampea-saa 6 na nusu kwa siku, na betri ile ile itawafikisha karibu siku 4 bila jua kuonekana. Paneli ndogo ya sola ikiongezwa, mtakwenda mbali zaidi. Nidhamu ya saa ni nusu ya betri.

Ujumbe uandikwe kwenye karatasi kabla ya kusomwa hewani. Uwe na mambo haya: nani anauliza, yuko wapi, nini kimetokea, watu wangapi, nini kinahitajika, na saa ngapi umeandikwa. Anayepokea aurudie neno kwa neno. Tofauti ya kumi na tano na hamsini imepata kupeleka msaada usiotosha mahali pengi.

Na tukumbuke kwamba CB na redio ya ridhaa zote husikika na yeyote mwenye chombo. Jina la mgonjwa na aibu ya nyumba ya mtu havisemwi hewani. Semeni: mama mmoja, miaka 24, mimba ya kwanza, anavuja damu. Hayo yanamtosha daktari, na heshima ya mtu inabaki salama.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imezipa kamati nafasi yake hadi ngazi ya kata na kijiji. Kwa hiyo hatuhitaji kuunda chombo kipya. Kamati iliyopo ichukue hatua tatu: kuandika orodha ya wakazi wanaojitolea kusoma, kuandaa barua ya TCRA kupitia Halmashauri, na kuuliza wilayani nani atatusikiliza. Hatua hizo zote hazina gharama zaidi ya karatasi na nauli. Majibu yakirudi, ndipo mkutano huu ukae tena kuzungumzia fedha na vyombo.

Ndugu wananchi, karatasi ya majina ipo mezani kwa Ndugu Mtendaji. Anayejisikia kuweza kujifunza, awe mzee au kijana, mwanamume au mwanamke, asitoke hapa kabla ya kuandika jina lake. Tukipata majina matatu leo, tumekwisha kuchagua.